Zawadi ya mche ilale kwanza nje



Mimi ni mama wa Bagira, hapa mjini Bukavu. Shamba langu ni ukuta. Ni ule ukuta wa mawe unaoshika udongo wa parsele yetu usishuke kwa jirani wa chini. Juu yake nimepanga makopo ya maziwa ya unga, bidoni zilizokatwa katikati na sufuria zilizotoboka. Ndani yake ninalima mimea ya majani manene, ile inayoweka maji ndani ya mwili wake: aloe, kaktusi, kalankoe, taji la miiba lenye maua mekundu, na ile yenye majani marefu yaliyosimama wima kama panga. Wa kuliwa hakuna hata mmoja.

Najua mnacheka. Dada yangu mkubwa, anayelima kahawa na mihogo huko Kabare na ni mwanakooperativi kama ninyi, alicheka mbele yenu wote. Siku ya kwanza alipoona ukuta wangu aliniuliza: “Mudogo wangu, hii yote inakuliwaka?” Nikamwambia hapana. “Basi inauzishwaka?” Nikasema kidogo tu, mara moja moja. Akapiga makofi: “Wee! Muji umekuharibu.”

Leo ninaandika juu ya huyo dada, na juu ya makopo matatu niliyompa. Nilitaka kumfurahisha, nikamletea aibu. Ninaona jambo hilo linawagusa ninyi kuliko linavyonigusa mimi, juu mimi nikipoteza ukuta wote watoto wangu hawalali njaa. Ninyi mnaweza kulala.

Raha ya ukuta

Kwanza niseme raha, ili mwelewe kwa nini mtu mzima anahangaika na makopo.

Mimea hii haina madai mengi. Hapa kwetu bomba likikauka siku tatu, maji ni bidoni ya litre 20 mgongoni, kushuka na kupanda. Ndani ya nyumba kama hiyo, mtu akipanda maua ya kunywa kila siku anawaibia watoto wake. Lakini aloe, wakati wa kiangazi kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, ukiinywesha mara moja kwa wiki mbili inatosha. Ninaipa maji niliyooshea lengalenga. Siibi kitu kwa mtu.

Agronomu mmoja alinieleza siri yake. Mimea mingi hufungua vinywa vidogo vya majani mchana ili ivute hewa, na hapo maji hutoka kama jasho. Aloe na kaktusi hufunga vinywa mchana, hufungua usiku wakati wa baridi. Nilifikiri juu ya mama wa soko la Kadutu anayetoka nyumbani alfajiri, kabla jua halijakomaa, na saa sita tayari ameketi kivulini. Ni akili ile ile.

Halafu kuna watoto. Jani la kalankoe likianguka juu ya jiwe, bila udongo, bila mtu kuligusa, pembeni yake hutoka watoto wadogo wenye mizizi tayari. Mara ya kwanza niliita watu wa nyumba yote waje waone. Na kuna maua ya aloe. Kilimo chake ni cha kungoja: unangoja miaka miwili au mitatu, halafu siku moja fimbo inapanda katikati, inafungua maua, na ndege mdogo wa mdomo uliopinda anakuja kunyonya, hapa Bagira, katikati ya mabati. Nikikunywa chai yangu ninamtazama, na nyuma yake ziwa liko chini linang'aa. Hiyo dakika moja hainunuliki.

Taabu zake

Taabu nazo zipo. Mwezi wa tisa mvua inarudi, na mvua ya Bukavu haibishi hodi. Udongo wetu mwekundu unashika maji kama sponji, na mimea hii inakufa kwa maji kuliko kwa kiu. Inakudanganya: leo imenona, inang'aa, kesho unaigusa inaanguka, chini imekuwa nyeusi na inanuka. Nimejifunza kutoboa kila kopo chini matundu manne, na kuchanganya udongo nusu kwa nusu na mchanga na kokoto ndogo. Kokoto nanunua kwa wamama wanaopasua mawe. Nimejifunza pia kwamba kipande kilichokatwa kisipandwe siku ile ile. Kiachwe kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke. Mtu mwenye haraka anakipanda kikiwa kibichi, na anazika mmea wake.

Kuna kuku wa jirani. Kuna watoto wanaotupa mpira. Kuna maziwa meupe ya taji la miiba, ambayo yakiingia jichoni yanachoma vibaya, ndiyo maana kopo lile liko juu kabisa na nikimaliza kulishika nanawa kwa sabuni. Na kila mgeni ana swali lile lile: inakuliwaka?

Hizo zote nazivumilia. Taabu iliyonishinda ililetwa kwa tabasamu.

Kopo lililokuja na ndoa

Mwaka juzi, kwenye ndoa ya mtoto wa jirani, mama mmoja wa kartiye nyingine aliniletea kopo. Ndani yake mulikuwa kichaka kidogo cha majani ya mviringo, kinene, kizuri sana. Alikuwa amesikia kwamba napenda mimea hii. Nilimkumbatia. Jioni ile ile nikakiweka katikati ya ukuta, mahali pa heshima, juu zawadi haifichwi.

Baada ya miezi miwili nikaona sisimizi wanapanda ukuta kwa mstari. Sikujali. Halafu nikaona kitu cheupe kama pamba kwenye makwapa ya majani. Nikadhani ni vumbi la chokaa. Nilipokigusa kilipasuka, kikatoa maji ya rangi. Walikuwa vidudu. Vinanyonya utamu wa mmea, vinajisaidia kitu kitamu kama asali, na sisimizi wanakuja kulamba. Sisimizi wanavilinda kama mchungaji anavyolinda ng'ombe zake.

Nikapigana. Nikaosha majani kwa maji ya sabuni ya kipande, nikijaribu kwanza jani moja nione kama haliungui. Penye makwapa nikapangusa kwa kitambaa kilicholowa kanyanga. Hapo nikapata jina lingine kartiyeni: mama aliyekuwa akinunua sukari sasa ananunua kanyanga asubuhi. Acha waseme. Kibaya zaidi, nilipong'oa makopo mengine nikakuta pamba ile ile kwenye mizizi, ndani ya udongo, mahali jicho halifiki. Katika makopo 41, nilibaki na 17.

Lakini kabla sijajua hayo yote, dada yangu alikuwa amepita kwangu kwa kilio cha mjomba wetu. Wakati wa kurudi nikampa makopo matatu ya aloe. Nilisema: “Yaya, beba, upambe pale kwako.” Alicheka, lakini alibeba. Akayaweka nyuma ya jiko, mahali pa kivuli. Hapo hapo nyuma ya jiko, hatua tano tu, palikuwa pepinyere ya kahawa ya kooperativi yao, juu parsele yake iko karibu na maji.

Alinipigia simu mwezi wa kumi. “Mudogo wangu, zile maua zako ziko na pamba.” Nikakaa chini. “Na ku miche ya kahawa je?” Alinyamaza muda mrefu. “Nayo.”

Walichoma miche 64 ndani ya sashe zake. Agronomu alipokuja hakusema kwamba ni kopo langu. Alisema kwamba vidudu vya namna hiyo viko aina nyingi, vingine vinakula mmea mmoja tu, vingine vinakula mimea ya kila aina, kahawa pia. Labda vilitoka Bagira, labda vilikuwa hapo tangu zamani. Alisema ukweli, lakini ukweli ule haukumsaidia dada yangu. Katika mkutano alisimama mwenyewe akaeleza makopo yalipotoka. Hawakumtoza kitu. Lakini kwa miezi kadhaa kuna wamama waliokuwa wakimwambia “pumzika, yaya, sisi tutanywesha miche,” na kila mtu alielewa maana yake.

Mimi hakunilaumu hata siku moja. Aliacha tu kucheka ukuta wangu. Kile kicheko nilikikosa.

Si mambo ya makopo tu

Mtaniambia: mambo ya maua ya mjini yanatuhusu nini? Tuangalie pamoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidudu cheupe cha mihogo, ndugu wa vidudu vya ukuta wangu, kilionekana hapa Kongo. Kwao ni Amerika ya Kusini. Hakikuruka bahari, wataalamu wanaona kilikuja kimejificha kwenye vipandikizi. Ndani ya miaka michache kilisambaa nchi nyingi za Afrika, majani ya mihogo yakajikunja, watu wakakosa mihogo na sombe pia. Ilibidi wataalamu wa taasisi ya IITA, wakiongozwa na Hans Herren, Mswisi, watafute adui wa kidudu hicho mpaka kule Paraguay. Walipata nyigu mdogo sana, wakaanza kumwachilia Nigeria mwaka wa 1981, akasambaa, akafanya kazi. Mwaka wa 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Hesabu wenyewe ni miaka mingapi ilipita kati ya kipandikizi kile na dawa yake.

Mnyauko wa migomba mnaujua kuliko mimi. Mwaka wa 2001 ulionekana Uganda, na mwaka huo huo Masisi, Kivu ya Kaskazini. Kisha ukashuka hadi kwetu. Wadudu wanaobeba ugonjwa kutoka ua hadi ua wapo, hilo kweli. Lakini sehemu kubwa ya safari yake ilifanywa na panga la kuazima na mtoto wa mgomba aliyetolewa kwa moyo mweupe.

Na mtu asidhani kwamba mimea yangu ya miiba haina thamani. Kusini mwa Madagaska, watu na ng'ombe waliishi kwa kaktusi wakati wa ukame. Katika miaka ya 1920 kililetwa kidudu kinachokula kaktusi, na ndani ya miaka michache kaktusi zilikwisha, ng'ombe wengi wakafa, watu wakapatwa na njaa. Huko Laikipia, Kenya, kidudu cha ukoo huo huo kimeachiliwa makusudi, na wanakishukuru, juu kule kaktusi ya kigeni imefunika malisho. Kwa hiyo kidudu chenyewe si shetani. Kinachoamua ni mahali kinapofikishwa, na sisi watu ndio tunaokibeba.

“Ukikataa zawadi, umekataa mtu”

Hapa ndipo tunakwama. Kwetu mche hauombwi mara mbili. Mama mkwe akikupa kipandikizi, huwezi kukigeuza geuza mbele yake kama mnunuzi wa nguo soko la Kadutu. Na jirani akikuomba mtoto wa mgomba, huwezi kusema “ngoja.” Kusema ngoja ni kusema sikuamini. Ninaelewa. Mimi mwenyewe nilimkumbatia yule mama wa ndoa, na hata leo sina neno baya naye. Hakujua, kama mimi sikujua nilipompa dada yangu.

Lakini kumbukeni mwaka wa 2019, Ebola ilipofika Mwenga. Mlangoni pa kila kanisa, kila ofisi na nyumba nyingi paliwekwa ndoo ya maji na javeli. Mgeni alinawa, akapimwa joto, akaingia. Siku za kwanza watu walinuna. Baadaye ikawa kawaida, na mgeni ambaye hakukuta ndoo ndiye aliyeanza kuuliza iko wapi. Hakuna aliyesema “wamenikataa.” Heshima ilibaki, ugonjwa ukazuiwa. Kama tuliweza kumnawisha askofu mikono, tutashindwa kulalisha mche nje?

Maoni yangu ni hayo tu: zawadi ya mche ipokelewe kwa mikono miwili, kisha ilale nje. Isiingie shambani siku ile. Na iwe sheria ya wote, ya tajiri na ya maskini, ya mama mkwe na ya mgeni, ili asiwepo mtu anayeona imewekwa kwa ajili yake.

Kulala nje hakutoshi kwa kila kitu

Niseme wazi, nisiwadanganye. Kulalisha mche pembeni wiki nne, na bora sita, kunasaidia kwa vidudu: vikiwepo vitazaa na utaviona, hasa ukiangalia chini ya majani, makwapani na kwenye mizizi. Mstari wa sisimizi uuchukue kama barua.

Lakini mnyauko wa migomba unaweza kukaa ndani ya mtoto wa mgomba muda mrefu bila kuonyesha alama. Huyo hata akilala nje miezi miwili anaweza kukudanganya. Hapo usiangalie mtoto, nenda kaangalie mama yake: shamba lote alikotoka lisiwe na majani yanayonyauka kwa manjano wala ndizi zinazoiva kabla ya wakati. Na panga lipite kwenye moto au kwenye javeli kabla ya kugusa shina lingine. Mihogo vilevile: fimbo ichaguliwe shambani wakati bado ina majani, ili uone kama yana madoa na mikunjo. Ikishakatwa na kufungwa mafungu sokoni, zote zinafanana.

Hii inanifikisha kwenye neno ambalo labda halitapendeza wote, hata wenye gazeti hili. Gari la mradi likija na vipandikizi, tunapiga vigelegele, tunapiga picha, tunasaini karatasi, tunagawana kabla ya jua kuzama. Ni nani anauliza: vilikatwa shamba gani? Nani alilikagua, lini? Tunaogopa kwamba tukiuliza, mwaka ujao gari litakwenda kwa wengine. Mimi naona shirika linalowaheshimu walimaji litafurahi kuulizwa, na lisipofurahi, basi swali lilikuwa na sababu. Mche wa bure ukileta ugonjwa, anayelipa ni mwenye shamba.

Ninachopendekeza kwa mkutano wenu mkuu

1. Kila kooperativi itenge mahali pamoja pa kulalisha miche, mbali na pepinyere, penye kivuli, na mtu mmoja wa kupaangalia kila wiki. Kazi hiyo izunguke kama likelemba, kila mmoja kwa zamu yake.

2. Kuwe na daftari. Mche ukiingia, andikeni tarehe, ulikotoka na aliyeuleta. Si kwa kumshtaki mtu. Ni ili siku pamba ikionekana, tujue nani mwingine tumpigie simu mapema.

3. Anayetoa mche naye aangalie kabla ya kutoa. Mimi ningegeuza makopo matatu juu chini siku ile, ningeona.

4. Anayegundua ugonjwa na kusema ashukuriwe mbele ya watu. Dada yangu alisema ukweli na akabaki na doa. Wengine walioona wamejifunza nini? Wamejifunza kunyamaza. Na mwenye kunyamaza ndiye anayemaliza shamba la kijiji.

5. Vipandikizi vya mradi vipite njia ile ile.

Mwezi wa kwanza mwaka huu dada yangu alipita tena Bagira. Alikuja na kipande cha aloe ya msituni, mekundu pembeni, kimefungwa kwenye jani la mgomba. Hakuingia nacho. Alikiweka chini ya mparachichi nje ya lango, akapangusa mikono, akaniita: “Mudogo wangu, mugeni wako amelala inje. Utamuingiza wiki sita.” Kisha akaangalia ukuta wangu, makopo 17 na nafasi tupu kati yao, akauliza kama bado hayakuliwi.

Tulicheka wote wawili. Kile kipande nimekiingiza. Kilikuwa safi.

Kazi njema, na mvua njema.